Pua Mpya ya Lori la Bi Mwanasha

Wadogo zangu mtakaorithi ndoo ya dizeli pale gereji kwa Fundi Bakari, someni haya kabla hamjashika spana. Mimi nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, magoti yangu ni mazima na meno yangu yote yapo, lakini mama amesema mwaka huu ni wa mtihani, na mama akishasema hakuna rufaa. Kwetu Ukunda wengine hustaafu kwa umri. Mimi nimestaafu kwa amri.

Wazee wakistaafu huandika jinsi walivyopandishwa vyeo. Hapo nitaruka, maana nilianza kazi nikiwa muosha nati na nimemaliza nikiwa muosha nati mwandamizi. Mshahara nao nitauruka, kwa sababu ulikuwa chai na mahamri ya Bi Mejumaa, mkewe Fundi, na siwezi kuandika sentensi mbili juu ya mahamri yale bila kuinuka kwenda kuyatafuta. Nitawaeleza kazi. Nilifanya likizo zote na Jumamosi zisizokuwa na masomo ya ziada, na kama mwalimu mkuu anasoma haya, basi sikukosa masomo ya ziada hata mara moja.

Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa shati jeupe. Naam, jeupe, na limepigwa pasi. Mama aliniambia kazini mtu huenda nadhifu. Fundi Bakari alinitazama kuanzia kola hadi viatu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Fundi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Karibu. Hebu mkumbatie huyu, nimfungue." Huyu alikuwa egzosi ya lori la mchanga, imening'inia kwa waya mmoja, imejaa masizi ya tangu sijazaliwa. Nilimkumbatia. Fundi akafungua waya. Jioni niliporudi nyumbani mama aliniuliza shati liko wapi, nikamwonyesha. Akaniuliza tena, shati liko wapi.

Gereji yetu mnaijua, ila nitaieleza kwa ajili ya wasomaji watakaotoka mbali, kama vile Mombasa. Haina paa wala ukuta. Ina kontena kuukuu la kufungia vyombo, mashine ya kuchomelea, mtungi wa gesi, na benchi ambalo ukikalia upande wa kushoto linakupiga upande wa kulia. Mafundi wengine wa pale barabarani huhangaika na injini yenyewe. Fundi Bakari kazi yake ni kile kinachoingia kwenye injini na kile kinachotoka: hewa huku, moshi kule. Watu humwita daktari wa pua na makalio, naye hakasiriki. Husema makalio yakiziba, pua haina faida.

Chombo cha kwanza alichonifundisha kukitumia ni kiganja changu. Lori likiwashwa, uweke mkono karibu na mdomo wa egzosi, si juu yake, ninyi wenye haraka, karibu nao tu. Moshi ukitoka kwa pumzi zilizo sawa, kifua ni kizima. Ukitoka unasukuma kisha unasita, mahali fulani pameziba au pamevuja. Chombo cha pili ni bisibisi ndefu: ncha unaiweka kwenye bomba, mpini unauweka sikioni, nawe unasikia filimbi ndogo hewa inapotoroka. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo nilimwambia Fundi kuwa nasikia taarab. Akaniita Mdomo tangu siku hiyo, na jina hilo ndilo nililostaafu nalo.

Chombo cha tatu ni subira, na hapa ndipo inapoanza habari ya lori lenyewe.

Subira ni jina lililoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kioo cha mbele cha tipa ya Bi Mwanasha wa Mwabungo. Lori hilo hubeba mawe ya kujengea, yale matofali yanayokatwa machimboni, na kuyapandisha Kwale. Dereva wake ni Mzee Juma. Mzee Juma alianza kuliendesha kabla mimi sijazaliwa. Kabla halijawashwa asubuhi hulisalimu, na jioni akilizima hulipigapiga bodi kama mtu anayembembeleza ng'ombe. Hana gari lingine analolijua. Aliwahi kupewa pikapu ya jirani aisogeze tu, akaiangusha mtaroni kwa kuwa usukani wake ulikuwa mwepesi mno. "Haina heshima ile," alisema.

Likizo iliyopita, lori lile liliingia gerejini linakohoa. Nyuma yake barabara nzima ilikuwa nyeusi, na boda mmoja aliyekuwa nyuma alishuka akatusomea maneno ambayo si ya kwenye kitabu. Mzee Juma akateremka taratibu. Amevua kofia yake ya kiua na ameishika mkononi, na mkiona hivyo mjue mambo ni mazito.

"Bakari," alisema, "jana kilima cha Kwale kimenishinda. Kimenishinda na mawe nusu, si mzigo mzima. Nimerudi kinyumenyume watoto wa shule wakinipigia makofi."

"Pole, mzee wangu," Fundi alimwambia.

"Bi Mwanasha amechoka. Kuna bwana kutoka bara anataka kulinunua."

"Aliendeshe?"

Mzee Juma aliitazama kofia. "Alikate."

Bwana huyo mwenyewe tulimwona siku hiyo hiyo alasiri. Alikuja na pikapu yenye mnyororo nyuma, akalizunguka Subira huku akiligonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikitimaji. Bi Mwanasha alikuwa naye, mama mnene wa maringo, buibui lake linanukia hadi kwenye kontena. "Mama, hii ngari imekwisha, si nakwambia?" yule bwana alisema. "Hapa ni chuma tu. Wacha niibebe leo, ukae bila stress."

Bi Mwanasha akamgeukia Fundi. "Bakari, mimi ni mtu wa neno moja. Jumamosi ijayo napeleka sanduku la harusi la mwanangu Kwale, kwa wakwe zangu. Nimekwisha kuwaambia watu kuwa tunakwenda na lori langu mwenyewe. Likipanda, limepanda. Likinizimikia njiani na wanawake wote wa Mwabungo juu yake, bwana huyu atakuwa nyuma yangu na mnyororo wake. Harudi nalo gerejini. Anakwenda nalo moja kwa moja."

"Inshallah litapanda," Fundi alisema.

"Inshallah," alisema Bi Mwanasha, kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha kuchagua rangi ya lori jipya.

Walipoondoka, Fundi Bakari hakugusa spana. Alitandika gunia, akalala chini ya lori, akakaa huko hadi nikadhani amesinzia. Kisha akaita, "Mdomo, njoo uone maajabu." Nikaingia. Akanionyesha bomba la egzosi. Kutoka kwenye injini lilikuwa pana kama paja la mtu, halafu ghafla likaingia kwenye kibomba chembamba kama mkono wangu, kimechomelewa kwa matope ya chuma. Zamani egzosi ile ilipasuliwa na jiwe machimboni, na Mzee Juma akaunga kipande alichopewa cha pikapu. Sasa moshi wa lori zima ulikuwa unatokea kwenye tundu la pikapu.

"Na pua?" niliuliza.

Pua ilikuwa mbaya zaidi. Bomba la kuvuta hewa la lori lile awali lilisimama juu nyuma ya kibanda cha dereva, mbali na vumbi. Tawi la mkorosho lililing'oa njia ya Lunga Lunga. Mzee Juma akafunga mpira, akaushusha chini nyuma ya gurudumu la mbele. Yaani lori lilikuwa linavuta pumzi mahali penyewe ambapo gurudumu hutimua vumbi. Tulipochomoa filta na kuigonga, ulitoka mchanga wa kujengea choo, na bado ukabaki wa kukipiga lipu.

Mzee Juma alisimama pembeni kama mtu ambaye mtoto wake anasomewa makosa ofisini. "Lilikuwa linakwenda," alisema.

"Mzee wangu," Fundi alimwambia kwa upole, "nikuzibe pua kwa mchanga, nikuzibe na kule kwingine kwa kizibo, halafu nikuambie panda Kwale na mawe kichwani. Utapanda?"

"Nisingepanda," Mzee Juma alikiri. "Lakini nisingetoa moshi mwingi hivyo."

Wadogo zangu, kabla hamjakata chochote, hakikisheni ugonjwa ni huo. Fundi alifungua kiungo cha egzosi palepale kabla ya kile kibomba, ili moshi utoke bila kupita pembamba, akaweka filta safi ya kuazima, akamwambia Mzee Juma azunguke nalo kidogo. Kelele zilikuwa za kutisha, kuku wa Bi Mejumaa hawakutaga kwa siku kadhaa, lakini lori liliruka kama limeambiwa kuna pilau. Mzee Juma alirudi anacheka peke yake. Basi tukajua injini ni nzima. Ilikuwa inasongwa tu.

Wiki hiyo ndiyo niliyofanya kazi kuliko maisha yangu yote, ambayo ni mafupi, lakini bado. Tulitafuta bomba nene kwa wauza vyuma. Fundi hakununua lenye upana mkubwa kupita kiasi, japo mimi nilitaka lile kubwa kama pipa. Alisema bomba liwe pana kama mdomo unaotoka kwenye tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, au lizidi kidogo, basi. Tulipima njia kwa kamba. Kila nilipopinda kamba kwa kona kali, Fundi alinipiga kikofi kisogoni. "Hewa ni kama mama yako akitoka sokoni. Haipendi kona." Kwa hiyo mapindo yote tuliyafanya ya duara pana, tukiyaunga vipande kwa vipande, nami nikashika kila kipande kikichomelewa hadi nyusi zangu zikanuka nywele za mbuzi.

Kuna jambo moja ambalo wengi hukosea. Injini hutikisika, na kibanda nacho hutikisika, lakini havitikisiki pamoja. Ukichomelea bomba gumu kutoka injini hadi juu ya kibanda, litapasuka kabla hujafika Kombani. Lazima katikati pawe na kipande kinachonyumbuka. Upande wa hewa tuliweka mpira mnene wenye klampi, na upande wa moshi kile kipande cha chuma kilichosokotwa kama konda aliyejikunja kwenye matatu iliyojaa. Bomba la moshi lisipite karibu na mpira wa breki wala tangi la dizeli, na panapokaribiana na kibanda, wekeni bati la kukinga joto. Chini kabisa, kwenye pindo, toboeni tundu dogo ili maji ya mvua yatoke. Msipotoboa, siku mtakayowasha lori baada ya masika, litamtemea mtu mate. Mwulizeni muuza maji wa pale kona.

Mzee Juma alitaka bomba la hewa na bomba la moshi yasimame pamoja upande mmoja. "Yawe pacha, yapendeze," alisema.

"Yakiwa pacha," Fundi alijibu, "moja litatoa moshi na jingine litauvuta uleule. Utakuwa unampa mtu chakula alichokwisha kula."

"Astaghfirullah," alisema Mzee Juma, na pua ikapandishwa kushoto, moshi ukapandishwa kulia. Vijana waendesha malori waliokuwa wanapita walituomba tuiondoe silensa kabisa, ati lori lilie kama simba. Fundi akakataa. Kanuni yake ilikuwa moja: gari lake likipita msikitini, imamu asikosee kuhesabu rakaa. Basi silensa ya zamani tukaigonga, tukaikung'uta, tukairudisha. Mdomo wa bomba la moshi, kule juu, tukaukata mshazari, ukatazama nyuma. Mdomo ukitazama mbele, upepo unausukuma moshi urudi. Ukitazama nyuma, moshi unakwenda juu ya mawe, na mawe hayana pua. Kumbukeni neno hilo, mawe hayana pua. Sote tulilisema tukicheka.

Sasa niwaeleze kipimo cha chetezo, maana hiki hamtakikuta kwenye kitabu chochote cha ufundi. Bomba la hewa likishafungwa, lazima ujue kama linavuja, hasa baada ya filta, kwa sababu tundu dogo hapo huingiza vumbi moja kwa moja ndani ya injini bila kuchujwa. Matajiri wana mashine ya kupulizia moshi. Sisi tuna Bi Mejumaa. Fundi alikwenda nyumbani akarudi na chetezo cha mkewe, makaa yanawaka, ubani umetiwa. Akakitia ndani ya debe lenye matundu mawili: tundu moja lina mpira wa pampu ya mguu, jingine lina mpira unaoingia kwenye pua ya lori. Akaziba kila mahali pengine kwa matambara. Mimi nikapewa pampu.

Nilikanyaga. Moshi wa ubani ukaingia ndani ya Subira polepole. Fundi akalizunguka bila kusema neno, ameinamisha kichwa, anatafuta utepe mweupe unaotoroka. Mzee Juma naye akamfuata nyuma, amevaa kofia, anagusa bodi kwa kiganja. Sasa jiwekeni mahali pa mtu anayepita barabarani. Anaona lori limesimama, limefukizwa, wazee wawili wanalizunguka kimya, na kijana anakanyaga kitu kwa mdundo uleule.

Mara watu wakajaa. Mama mmoja alikuja na chupa ya marashi. Mwingine aliuliza kama ni pepo wa bahari au wa nchi kavu. Na katikati ya hayo ndipo Bi Mwanasha alipofika kuangalia kazi.

"Bakari!" alipiga kelele. "Mnalipunga lori langu?"

"Natafuta tundu, mama," Fundi alisema bila kuinua kichwa.

"Na huyo pepo amesema anataka nini?"

Nilijua ninapaswa kunyamaza. "Anataka gasketi, bibi," nilimwambia.

Watu wakaangua kicheko, isipokuwa yule mama wa marashi, ambaye aliitikia "Apewe" kwa unyenyekevu mkubwa. Wakati huohuo Mzee Juma akapaza sauti: "Hapa! Hapa!" Karibu na tabo, chini ya klampi, moshi mweupe ulikuwa unatoka mwembamba kama uzi. Tulipofungua tulikuta kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, umepasuka. Mzee Juma ndiye aliyeuweka miaka hiyo. Aliutazama kama mtu aliyekutana na barua yake ya mapenzi ya ujanani. Tukaweka gasketi na klampi mpya, tukafukiza tena, moshi usitoke popote. Bi Mwanasha alinusa hewa, akasema, "Angalau sasa linanukia kama bibi harusi," akaondoka. Hakusema kama ameridhika. Hakusema kuwa yule bwana wa mnyororo asije.

Ijumaa yake Mzee Juma hakula. Bi Mejumaa alimletea mahamri, akayageuzageuza tu kwenye sahani. Mimi nilijitolea kumsaidia, akanisogezea sahani bila hata kunitukana, na hapo nikaogopa kweli. "Mdomo," aliniambia, "lile likikatwa, mimi nitakaa barazani niwe nahesabu magari ya wenzangu." Nikamrudishia sahani bila kugusa hamri hata moja. Hilo halikuwahi kunitokea.

Jumamosi tukaenda Mwabungo. Sanduku lilikuwa jekundu, la chuma, limejaa nguo na leso na manukato, limekaa katikati ya bodi ya tipa juu ya mkeka. Pembeni yake sufuria za pilau, magunia, na wanawake. Enyi wadogo zangu, wanawake! Walipanda hadi nikadhani Mwabungo imehama. Wamevaa leso mpya za sare, njano na nyeupe, wameshika pembe zao za vugo, ngoma ya harusi ya wanawake, na vijiti vya kuzigonga. Kabla hajapanda, Bi Mwanasha alimwamuru Mzee Juma auchomoe mkono wa kutipia, akautia ndani ya mkoba wake. "Sitaki ajali ya kumwagwa kama mawe," alisema. Kisha akapanda akasimama mbele kabisa, nyuma ya kibanda, mahali pa heshima, akalishika bodi kwa mikono miwili kama nahodha.

Mimi na Fundi tulikaa kibandani na Mzee Juma. Nyuma yetu ikafuata pikapu yenye mnyororo. Yule bwana alitupungia mkono. Mzee Juma hakumwangalia.

Ukunda tulipita kwa shangwe, Kombani tukapinda, na kilima kikaanza. Pale ambapo siku ile kilimshinda, Mzee Juma alishusha gia, akakaza mikono, midomo yake ikawa inacheza kwa dua. Nyuma wanawake wanapiga vugo. Subira likanguruma. Nilisikia tabo ikianza filimbi yake, nyembamba, safi, inapanda, na lori likavuta. Nawaambia, likavuta! Si kwa kujikokota, lilipanda kama mtu aliyekwisha kuoga na kunywa chai. Fundi aliweka kiganja juu ya dashibodi, akafumba macho, anasikiliza. Mzee Juma akapandisha gia. Kilimani! Akanitazama, machoni amejaa maji, akasema, "Umesikia?"

"Nimesikia, babu."

"Hukusikia. Sikiliza tena."

Nikasikiliza tena. Ndipo nilipogundua kuwa vugo limenyamaza.

Nilichungulia kidirisha cha nyuma. Silensa ile ya zamani, tuliyoigonga na kuikung'uta, ilikuwa na masizi yake ya miaka mingi yaliyojificha ndani, na sasa, kwa pumzi mpya, ilikuwa inayatema yote. Yalipanda bomba, yakafika kwenye ule mdomo uliokatwa mshazari ukatazama nyuma, na yakaenda yalikoelekezwa. Mawe hayana pua. Lakini leo hatukubeba mawe.

"Fundi," nilisema, "usigeuke."

Akageuka. Akarudisha uso mbele. "Juma," alisema polepole, "usisimame."

"Kwani nini?"

"Usisimame tu."

Na asingesimama hata angeambiwa. Tulifika juu Kwale bila kuzimika hata mara moja. Nyumbani kwa bibi harusi watu wametoka nje na vigelegele, wanawake wa upande wa pili wamejipanga na pembe zao. Mzee Juma akazima injini. Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Kutoka kwenye bodi ya Subira waliteremka wanawake wa Mwabungo, weusi kuanzia utosini hadi kifuani, leso njano zimekuwa rangi ya sufuria, macho na meno tu ndiyo yanayoonekana. Sanduku jekundu lilikuwa jeusi. Pikapu ilisimama nyuma yetu, kioo chake cha mbele kimefunikwa chote isipokuwa kipande cha nusu duara kilichofutwa na waipa.

Shangazi wa bibi harusi ndiye aliyepata sauti kwanza. "Jamani, tuliwaambia mlete sanduku," alisema. "Mmetuletea makaa!"

Wanawake wa Kwale wakaangua kicheko. Mmoja wa Mwabungo akafuta midomo kwa kiganja, akajibu hapohapo, "Makaa ndiyo yanayopika pilau, shoga! Ninyi mlitaka kula mchele mbichi?" Upande wetu ukalipuka, pembe zikaanza kugongwa tena, na kwa muda nikafikiri tumepona.

Kisha akateremka Bi Mwanasha. Alikuwa amesimama mbele kabisa, mahali pa heshima. Sitamweleza. Pembe zikanyamaza. Alilizunguka lori lote bila haraka. Alitazama bomba la hewa. Alitazama bomba la moshi hadi juu kabisa kwenye mdomo wake. Fundi Bakari alikuwa anasoma kitu fulani ardhini. Mzee Juma alisimama kando ya mlango, kofia mkononi.

Yule bwana wa bara akashuka, anapangusa shati. "Sasa mama, umeona mwenyewe," alisema. "Tumalizane?"

Bi Mwanasha alimtazama kwa macho yake mawili meupe. "Tumalizane nini? Limezimika wapi?"

"Halijazima, lakini..."

"Nilikwambia likizimika. Kapumzishe mnyororo wako, baba. Pilau ipo, karibu ule." Kisha akageuka. "Mzee Juma."

"Naam, mama."

"Jumatatu bomba hili ligeuzwe, na liongezwe kimo."

Mzee Juma aliikamata kofia kwa mikono miwili. "Jumatatu, mama?"

"Asubuhi. Kabla hujapakia mawe."

Aliondoka kwenda kutafuta maji ya kunawa, na wanawake wakamfuata, wakicheka na kusukumana. Mzee Juma akavaa kofia yake. Akatugeuzia mgongo, akachuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, akawa analikagua. Alilipapasa, akalikagua, akalipapasa tena. Fundi alinishika bega akanivuta kuelekea kwenye pilau, nasi tukamwacha palepale muda mrefu, ingawa gurudumu lile lilikuwa zima kabisa.